Kaunti ya kupita bila kupingwa: shajara ya mradi, 2025

Januari 18, Jumamosi

Leo nimekabidhiwa chama cha Democratic cha kaunti yetu. Kimekaa ndani ya maboksi mawili ya ndizi: vibao vya kampeni vya mwaka 2012, birika la umeme la kuchemshia kahawa ya watu arobaini, mhuri uliokauka wino, na kitabu cha benki chenye dola 212. Mwenyekiti aliyepita alihamia Arizona kufuata jua na wajukuu. Hakuna aliyeshika nafasi yake kwa kuwa hakuna aliyeitisha mkutano, na mkutano haukuitishwa kwa kuwa hakukuwa na mwenyekiti wa kuuitisha.

Tumekutana maktaba ya mji, watu sita ukinihesabu na mimi, nje baridi ya kugandisha kope. Wanne wamevuka miaka sabini. Mweka hazina ana miaka 81. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na nusu ya watu wazima wa mji huu wamepita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyenipendekeza. Nikauliza kama yupo mwingine anayetaka. Wote wakatazama sahani ya biskuti.

Basi nikapita bila kupingwa, kama kila mtu katika kaunti hii.

Kwa ndugu unayesoma ukiwa Mbeya au Mombasa: hapa ni Nebraska, katikati kabisa ya Marekani, jimbo la mahindi na ng'ombe. Lina kaunti 93 na watu wapatao milioni mbili, na zaidi ya nusu yao wamejaa kaunti tatu za mashariki, upande wa Omaha na Lincoln. Zilizobaki ni sisi. Zipo kaunti ambazo wakazi wake wote hawafiki 500. Chama cha Democratic hakijashinda kiti cha jimbo zima tangu 2006, Ben Nelson aliporudishwa Seneti. Mwaka huohuo Scott Kleeb aligombea Bunge katika wilaya ya tatu, hii yetu kubwa ya mashambani, akapata asilimia 45. Akashindwa, lakini watu wanaikumbuka kampeni ile kama harusi. Baada yake tumekuwa tukiokota robo ya kura, mara nyingi chini ya hapo, na mwaka 2016 hatukuweka mtu kabisa.

Novemba iliyopita nilisimama kituoni na karatasi yangu ya kura, nikafika sehemu ya viti vya kaunti. Jina moja, jina moja, jina moja. Nikaiona kama fomu ya kupokea mzigo: weka sahihi hapa.

Mama yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi kule Mpwapwa, enzi za chama kimoja na miaka kadhaa baada yake. Alikuwa na kauntabuku, kila nyumba ukurasa wake: nani kajifungua, nani anaumwa, nani hakuvuna, kijana gani kaenda Dar na hajaleta habari. Aliandika kwa kalamu ya risasi. Sitaki kumpamba. Balozi alikuwa pia jicho la chama, na mgeni akilala kwako bila taarifa ungeulizwa. Lakini mahindi ya msaada yalipofika hakuna nyumba iliyorukwa, na ukipatwa na jambo usiku ulijua mlango wa kugonga. Ninachotaka hapa ni lile la pili bila lile la kwanza.

Kaunti yetu ina vituo tisa vya kupigia kura. Nimewaahidi wale watano kwamba ifikapo Desemba kila kituo kitakuwa na mtu mmoja ambaye majirani wanajua ndiye chama. Halafu tutafute watu wa kuchukua fomu za 2026. Mweka hazina aliandika ahadi hiyo kwenye muhtasari akapiga mstari chini yake, kwa rula.

Februari 9, Jumapili

Wiki tatu za kusafisha orodha. Chama cha jimbo kimetupa ufunguo wa VAN, hifadhidata ambayo Wademokrati nchi nzima wanatunzia majina ya wapigakura. Mimi nasoma jina kwenye kompyuta, mweka hazina anajibu akiwa anafuma: "Amekufa. Amekufa. Huyu yuko nyumba ya wazee lakini kura anapiga. Huyu alihamia Kearney kwa mume wa pili. Huyu alinidanganya kuhusu jedwali la kuzidisha mwaka 1974, usimpe hela."

Orodha yenyewe ina uongo mwingine ambao kompyuta haiujui. Sherifu, makamishna wa kaunti na karani wanagombea kwa tiketi ya chama. Kwa kuwa Wademokrati hawaweki mtu, mshindi anapatikana kwenye mchujo wa Republican mwezi Mei, na mchujo ule ni wa waliojiandikisha Republican peke yao. Ukitaka sauti katika kumchagua sherifu wako, unajiandikisha huko. Kwa hiyo tuna watu wetu chungu nzima ambao kwenye daftari ni wa upande wa pili. Nyumbani tungesema mchana wanavaa kijani cha CCM. Wapo pia waliojiandikisha kama wasio na chama, na hao wanaruhusiwa kupiga kura kwenye mchujo wetu, ila hakuna aliyewahi kuwaambia.

Nimeacha kuuliza watu ni chama gani. Nauliza: "Mara ya mwisho kuona mtu wa chama chochote mlangoni kwako ni lini?" Jibu la kawaida ni kicheko.

Machi 22, Jumamosi

Huu ndio mwezi wa ndege wanaoitwa korongo. Zaidi ya nusu milioni wanatua Mto Platte kupumzika wakielekea kaskazini, na asubuhi nikitoka zamu ya usiku hospitali nawasikia kabla sijawaona, sauti kama milango elfu ya mbao inayohitaji mafuta.

Kwa wiki nne sasa, zamu ikiisha, sirudi nyumbani moja kwa moja. Napita kwenye ushirika wa wakulima, pale chini ya maghala ya nafaka. Saa kumi na mbili asubuhi kuna wazee saba au wanane kwenye meza ndefu, kahawa ya bure, kofia za kampuni za mbegu. Siku ya kwanza nilinunua betri nisizozihitaji nikaondoka. Siku ya pili nilikaa. Siku ya tatu mmoja akaniuliza kama mimi ndiye nesi aliyemhudumia mkewe mwezi wa kumi na mbili. Ndiyo. Akanisogezea kiti. Wengine hawakuniuliza kitu juma zima.

Jana nilisema nilichokuja kusema, kwamba nimechukua uenyekiti wa Wademokrati wa kaunti. Kimya kikapita. Kisha yule mzee wa mke mgonjwa, nitamwita Mzee wa Kofia ya Kijani, akaniuliza swali moja: "Mlikuwa wapi?"

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama unavyomwuliza shemeji aliyekosa mazishi.

Akaeleza. Alizaliwa kwenye nyumba ya Democratic. Baba yake alikuwa na picha ya Rais Roosevelt ukutani, kwa sababu ya umeme aliofikisha mashambani. Alimpigia Bob Kerrey, seneta wetu wa zamani wa Democratic, akampigia Nelson. Mwaka 1998 alihamia Republican ili apate kura ya sherifu, akidhani atarudi. Hakuna aliyekuja kumwuliza. "Ng'ombe akipotea, mwenye ng'ombe anamtafuta," alisema.

Mara moja tu aliwaona. Bomba la mafuta la Keystone XL lilipotaka kukatiza jimbo kutoka kaskazini, shamba la shemeji yake kule Holt lilikuwa kwenye njia, na kampuni ya Kanada ilikuwa tayari kwenda mahakamani ili kulichukua eneo hilo kwa nguvu ya sheria. "Yule mama wa Hastings ndiye aliyekuja," akasema, akimaanisha Jane Kleeb. "Alikaa jikoni kwa shemeji yangu akala pai." Wafugaji wenye kofia pana na makabila ya asili wakaandamana pamoja. Obama alilikataa bomba mwaka 2015, Trump akalifufua, Biden akafuta kibali siku yake ya kwanza ofisini, na Juni 2021 kampuni ikaliacha kabisa. Kleeb amekuwa mwenyekiti wa chama cha jimbo tangu mwisho wa 2016. Mzee hakubaliani naye karibu kila jambo. Lakini lile pai analikumbuka ni la tunda gani.

Nimeandika haya yote nikiwa bado na usingizi kwa sababu nadhani ndiyo kazi nzima. Huku wanatuambia tatizo la chama vijijini ni ujumbe: maneno gani tuseme, gani tuyaache, tukae wapi kwenye suala la bunduki. Labda. Lakini huwezi kulijua tatizo la ujumbe wa mtu ambaye hajafika.

Aprili 26, Jumamosi

Fedha. Mwenyekiti mpya wa taifa, Ken Martin, ametangaza kwamba kila chama cha jimbo kitapata dola 17,500 kwa mwezi, na majimbo mekundu, yaani ya Republican, kama letu yataongezewa 5,000. Jumla 22,500. Kwenye kundi letu la ujumbe mtu akaandika "Hatimaye!" na moyo wa bluu.

Gawa kwa kaunti 93 uone. Haitagawiwa hivyo, itaajiri watu, na ni sawa. Ila nimewahi kuona mwajiriwa wa kampeni anayeletwa Agosti kutoka pwani ya mashariki na gari la kukodi, kijana mzuri, mchapakazi, anajua VAN kuliko mimi, na Novemba tarehe sita hayupo. Majina aliyokusanya yamo kwenye kompyuta. Watu aliokunywa nao kahawa wanauliza alikwenda wapi.

Howard Dean, mwenyekiti wa taifa wa wakati ule, alijaribu kitu cha namna hii kuanzia 2005: waajiriwa katika majimbo yote 50, hata yale ya kushindwa. Wakubwa wa chama walimcheka kwamba anatupa hela porini. Alipoondoka 2009, mpango ukaachwa ukafa taratibu. Mweka hazina wetu aliyaishi yote hayo. Nilipomwonyesha tangazo la Martin alivaa miwani, akasoma hadi mwisho, akauliza: "Kwa miaka mingapi?"

Dola zetu sasa ni 388. Tuliuza pai.

Mei 17, Jumamosi

Fupi, nina zamu.

Nimekaa na kitabu cha viti vyote ambavyo mtu wa kaunti hii anaweza kugombea. Sikujua ni vingi hivi, na vingi havina chama. Bunge la jimbo lenyewe lina chumba kimoja tu tangu 1937, maseneta 49, na karatasi ya kura haiandiki chama chao. Bodi za shule hazina chama. Bodi za wilaya za maliasili, 23 jimbo zima, zinazoamua habari ya maji ya ardhini na visima vya kumwagilia, hazina chama. Na umeme! Nebraska ndiyo jimbo pekee ambalo umeme wake wote ni wa mashirika ya umma, na wajumbe wa bodi wanapigiwa kura. Hebu fikiria TANESCO ambayo unamchagua mkurugenzi jirani yako, na ukikatiwa umeme unamkuta kanisani.

Katika ukoo wangu huu mpya wa chama hakuna aliyewahi kufikiria viti hivi kama siasa. Naanza kufikiri tuanzie hapo.

Juni 14, Jumamosi

Wiki mbaya. Jumanne tarehe 10 maafisa wa uhamiaji walivamia kiwanda cha nyama huko Omaha wakachukua makumi ya wafanyakazi. Omaha ni saa tatu kutoka hapa, lakini habari haikuchukua saa tatu.

Leo ilikuwa siku yetu ya kwanza ya nyumba kwa nyumba upande wa kusini wa reli, ambako familia nyingi zinafanya kazi kwenye viwanda vya nyama vya kaunti jirani. Niliwaza kuahirisha. Mweka hazina akasema tukiahirisha leo tutakuwa tumejibu lile swali la mzee kwa mara ya pili. Tukaenda, wawili wawili, na fulana za chama. Kosa langu, zile fulana: za bluu iliyokolea, maandishi meupe kifuani, ubao wa kuandikia mkononi. Ukiwa nyuma ya pazia unaona nini? Unaona maafisa.

Mtaa mzima hakuna mlango uliofunguka. Televisheni zikazimwa tulipokaribia. Mtoto mmoja alituchungulia, mkono ukamvuta ndani.

Nyumba ya mwisho ilikuwa na ndala zimepangwa nje mlangoni, jozi nane au tisa, na harufu ya chai ya iliki ilikuwa inatoka dirishani. Kwenye orodha jina lilikuwa la Kisomali. Sijui kilichonipata. Nikaacha kugonga nikasema, kama ningekuwa Mpwapwa, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Kimya. Halafu sauti ya mwanamke, polepole kama mtu anayehakikisha hajaota: "Nani anapiga hodi?"

"Ni mimi, dada. Jirani."

Mlango ukafunguka. Alikulia Kakuma, Kenya, miaka kumi na minne kambini kabla ya kuletwa Marekani. Alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akaangua kicheko. "Kumbe wewe ni Mbongo! Ingia, ingia, hiyo nguo ni ya nini, ulitaka kutuua na presha?" Mwenzangu, fundi wa matrekta aliyestaafu, mtu wa futi sita ambaye hajawahi kutoka jimboni isipokuwa kwenda jeshini, aliketi kwenye mkeka akanywa vikombe vitatu na hakuelewa hata neno moja kwa saa nzima. Tulipotoka aliniambia ndiyo mara yake ya kwanza kuingia nyumba yoyote ng'ambo ya reli.

Yeye na mumewe ni raia tangu 2019. Hawajawahi kupiga kura. Si kwamba hawataki. Walisikia kuna sheria mpya ya kitambulisho wakadhani inawahusu wao vibaya. Nikaeleza: ni kweli, wapigakura waliipitisha 2022, leseni yako ya udereva inatosha. Akaitoa leseni, akaiweka mezani kati ya vikombe. "Hii tu?"

Nimenunua kauntabuku leo. Ukurasa wa kwanza ni wao. Kwa penseli.

Agosti 3, Jumapili

Maonyesho ya kaunti yamekwisha. Siku nne, meza moja, hema moja, joto la nyuzi 36. Kwa aliyezoea Nane Nane pale Nzuguni hakuna cha kushangaza: ng'ombe waliooshwa kwa shampuu, watoto wanaolala zizini na mifugo yao, mabanda ya mitambo, muziki wa juu kupita kiasi. Tofauti ni kwamba hapa ndama akishinda anapewa utepe, kisha anapigwa mnada, na mtoto analia mbele ya watu wote bila aibu.

Kamati ya maonyesho ilituweka kati ya choo na banda la sungura. Republican wapo mlangoni, sawa, wameshika nafasi hiyo miaka mingi. Fulana za bluu tumezitia kabatini. Mwaka huu meza yetu haikuwa na picha ya mwanasiasa yeyote, na hilo lilileta ugomvi kwenye kamati. Mwanachama mmoja alitaka sanamu kamili ya katoni ya mtu ambaye sitamtaja. Badala yake tuliweka ubao mmoja: "Umbali wako hadi hospitali ni maili ngapi?" na ramani na pini. Watu walisimama wenyewe. Walipenda kuchoma pini.

Sheria ile kubwa ya Trump aliyoisaini Julai 4 inapunguza fedha za Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo. Nebraska yenyewe iliipanua bima hiyo kwa kura ya maoni mwaka 2018, wananchi waliposhinda kwa asilimia zipatazo 54 baada ya wanasiasa kukataa kwa miaka. Mwezi uliopita kliniki ya Curtis, mji wa watu wasiofika elfu moja kusini-magharibi, ilitangaza kufungwa, na waliotangaza walitaja upunguzaji huo. Nafanya kazi hospitali ya vitanda visivyozidi 25. Sina haja ya kusomewa makala kuhusu jambo hili. Lakini nimejifunza kunyamaza mezani. Nikianza kueleza, mtu anaona anahubiriwa. Akichoma pini mwenyewe, akahesabu maili 41, akasema "mke wangu alijifungua kwenye gari," basi ameshasema yote.

Hiki ndicho kitendawili cha jimbo hili. Wapigakura wameongeza kima cha chini cha mshahara mwaka 2022. Mwaka jana karibu robo tatu yao walipitisha likizo ya ugonjwa yenye malipo. Ukiwapa hoja bila jina la chama, wanakubali. Kisha wanachagua wabunge ambao mwaka huuhuu wameipunguza likizo hiyo, wakaziondolea biashara ndogo wajibu huo. Wanaona chama, hawaoni hoja. Na hapo tumejibebesha wenyewe, maana kwa miaka ishirini chama walikuwa wakikiona kwenye televisheni tu.

Watu 31 wameandika simu zao. Mzee wa Kofia ya Kijani alipita mara mbili, hakuandika chochote, mara ya pili akaniletea ranza, ule mkate wao wenye nyama na kabichi ndani, ambao mimi nauhesabu ni sambusa iliyonenepa.

Septemba 14, Jumapili

Nilitenga mwezi huu kutafuta wa kuchukua fomu. Wenye viti wanatakiwa kurudisha fomu katikati ya Februari, wengine mwanzoni mwa Machi, na watu wazito kuamua lazima uwaanze mapema. Nimefika nyumba kumi na moja.

Mwalimu wa sayansi: anaogopa mkuu wake. Mkulima kijana: mkopo wake wa mbegu uko kwenye benki ambayo mwenyekiti wake ni baba wa kamishna. Mjane mwenye sauti nzuri na akili kali: "Watoto wangu wananunua na kuuza na watu hawa." Mfanyakazi wa posta: sheria haimruhusu kugombea kiti chenye tiketi ya chama. Fundi bomba: angependa useneta wa jimbo, hadi nilipomwambia mshahara ni dola 12,000 kwa mwaka na vikao ni Januari hadi Juni mwaka mmoja, hadi Aprili mwaka unaofuata, huko Lincoln. Akacheka mpaka akakohoa. Kwa mshahara ule wanaoweza ni wastaafu, matajiri na wenye mashamba yanayojiendesha. Hilo linaeleza mengi kuliko itikadi.

Wawili waliniuliza swali lilelile: kwa nini wasigombee bila chama, kama Osborn? Sina jibu zuri. Dan Osborn, fundi mitambo aliyeongoza mgomo wa kiwanda cha Kellogg's Omaha mwaka 2021, mwaka jana aligombea Seneti kama mgombea binafsi, Democratic hawakuweka mtu, akapata karibu asilimia 47. Kamala Harris kwenye karatasi ileile ya kura aliambulia kama 39. Mwakani anagombea tena, dhidi ya seneta wa Republican, Pete Ricketts. (Mtanzania yeyote hapa atamkumbuka Mchungaji Mtikila aliyehangaika mahakama kwa mahakama kudai haki ya mgombea binafsi, na mimi hapa naikuta kama silaha ya kawaida.)

Kamati yetu imegawanyika. Fundi wa matrekta anasema jina la chama limeoza, tulizike, tuwasaidie watu wazuri bila bendera. Mweka hazina anasema ukizika jina, nani atabaki kuosha birika la kahawa uchaguzi ukiisha? Mgombea binafsi ana kampeni, hana shina. Mimi nipo upande wa birika, ila nakiri asilimia nane si kitu cha kubeza.

Tukiwa tunatoka, yule dada wa Kakuma, ambaye sasa ndiye mtu wetu wa kituo cha kusini, akaniuliza kwa Kiswahili ili wengine wasisikie: "Na wewe mbona hujajitaja?" Nikasema lafudhi yangu. Akasema: "Wanakuruhusu kuwachoma sindano na hiyo lafudhi."

Oktoba 12, Jumapili

Mavuno. Hakuna siasa. Kombaini zinafanya kazi hadi usiku wa manane na barabara zote ni vumbi na malori. China haijanunua soya ya msimu huu, na kwenye ushirika milima ya nafaka inalala nje, lakini mezani hawasemi. Wanatazama simu zenye bei, wanazigeuza kifudifudi.

Niliwapelekea wanaovuna sandwichi mashambani, kimya kimya, bila fulana. Vituo sita kati ya tisa vina mtu. Vitatu vya kaskazini bado havina, na sidhani kama Desemba nitakuwa nimetimiza ahadi yenye mstari wa rula.

Novemba 23, Jumapili

Ijumaa ilitangazwa kwamba kiwanda cha nyama ya ng'ombe cha Lexington kitafungwa Januari. Wafanyakazi wapatao 3,200, katika mji wa watu kama 11,000. Si kaunti yetu, lakini mtaa wote wa kusini ya reli huamka saa tisa usiku kwenda huko, magari manne manne kwa zamu.

Sikulala baada ya zamu. Nilikwenda kwa yule dada. Ndala mlangoni zilikuwa nyingi kuliko kawaida, familia saba zimekaa chini, na hakuna aliyezungumzia chama, mimi pia sikuzungumzia. Walitaka kujua bima yao inaisha tarehe gani, kama mtoto mwenye pumu ataandikiwa dawa za miezi mitatu kabla, kama mwenye nyumba anaweza kuwatoa wakivunja mkataba. La dawa nililijua. Mengine nikaandika. Fundi wa matrekta alikuja na pikapu, akauliza nani anahitaji kubebewa vitu. Hakuna aliyehitaji bado, basi akakaa akanywa chai. Saa sita mchana Mzee wa Kofia ya Kijani akagonga. Alikuwa amesikia redioni. Ana nyumba ya kupangisha mjini, ipo tupu, alitaka kusema tu kwamba ipo. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Katika nyumba kumi na nne zilizomo kwenye kauntabuku upande wa kusini, tano zimeshaamua kuondoka. Wakihama jimbo lazima wajiandikishe upya huko waendako, na waliojiandikisha hapa kwa mara ya kwanza maishani mwao mwezi wa saba hawajui hilo, kwa hiyo kesho nitaanza kuwapigia mmoja mmoja kuwaambia. Jumatano naonana na karani wa kaunti kuhusu fomu za bodi ya maliasili. Mzee ameniuliza, kama anayeulizia bei ya waya, zinapatikana wapi.

Ukurasa wa kwanza wa kauntabuku sijaufuta. Mumewe ana binamu kule Dakota City, kuna kiwanda, huenda wanaajiri. Yeye hataki kuhama, watoto wako shule. Nimeandika pembeni, kwa penseli: "Dakota City?" na namba ya simu ya binamu.